Miaka Sita Daraja la Tatu

Mwaka 1989 Tusekile alikuwa anasubiri kupandishwa daraja mara mbili. Kwanza, kazini: alikuwa Mwalimu Daraja la Tatu B katika shule ya msingi pale Tukuyu, na serikali ilimhakikishia kwamba akiwa na subira ipo siku ataitwa A. Pili, kwenye karatasi ya mchezo: huko aliitwa Nyasungu, mwanamke mpiga upinde, ambaye hakuishi popote duniani isipokuwa Jumamosi mchana ndani ya duka la fundi cherehani Bushiri, karibu na soko. Kati ya hao wawili, Nyasungu ndiye aliyekuwa na matumaini.

Mchezo huo uliletwa na mzungu mmoja wa kujitolea aliyefundisha fizikia sekondari. Mkataba wake ulipokwisha aligawa mali zake. Baiskeli alimpa mchungaji, sufuria akampa mpishi wake, na boksi moja lenye kijitabu na dadu za ajabu, nyingine zenye pande ishirini, akampa Andongwisye, karani wa ghala la chama cha ushirika, kwa kuwa ndiye mtu pekee mjini aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho. Mchungaji hakuona wivu.

Mchezo wenyewe haukuwa na ubao. Andongwisye alisimulia safari, na kila mchezaji alisema mhusika wake anafanya nini. Dadu ziliamua kama amefaulu. Aliyefaulu alipata pointi, na pointi zikifika kiasi fulani mhusika alipanda daraja: nguvu zinaongezeka, silaha inakuwa kali zaidi. Mwisho wa safari palikuwa na joka, juu ya mlima, likisubiri.

Wachezaji walikuwa watatu. Tusekile na Nyasungu wake. Ackson, mpima majani ya chai, mtu mpole anayeomba radhi hata kwa mizani, alichagua jitu lenye shoka. Bushiri alitaka kuwa mchawi, kama kijitabu kilivyoruhusu, lakini jirani yake muuza vitenge alisikia neno hilo kupitia ukuta wa mbao, na kufikia Jumatatu wateja wawili walikuwa wamefuata suruali zao kabla hazijashonwa. Kuanzia hapo mhusika wake aliitwa mtaalamu.

Mwaka wa kwanza walikwenda vizuri. Kufikia 1991 wote walikuwa daraja la tatu, na mlima ulishaanza kuonekana kwa mbali. Hapo ndipo safari ilipogeuka kuwa utumishi wa umma.

Kwanza kilitokea kinamasi. Walikivuka kwa miezi saba. Baada ya kinamasi kukawa na daraja la kamba lenye mlinzi, na mlinzi huyo alihojiana nao Jumamosi kumi na moja mfululizo kuhusu vibali. Pointi zilizokuwa mia kwa siku zikawa arobaini, halafu kumi na tano. Siku moja Nyasungu aliua fisi wanne kwa mishale minne, dadu zote zikiwa shahidi, na Andongwisye akaandika pointi sita.

"Sita?" Tusekile aliuliza.

"Fisi wenyewe walikuwa wamechoka, mwalimu."

Wakati huo nchi yote ilikuwa inapanda madaraja. Vyama vya siasa vilikuwa vingi, mitumba ilijaa sokoni mpaka Bushiri akabaki anashona sare za shule na kupunguza nguo za Ulaya. Mwaka 1993 chama cha ushirika kilipunguza wafanyakazi, na Andongwisye akapewa barua ya kumshukuru kwa utumishi uliotukuka, yenye jina lake limekosewa. Alirudi kwenye migomba yake Kinyala. Jumamosi iliyofuata alifika dukani saa nne asubuhi, wakati mchezo huanza saa nane mchana, na wasafiri wakajikuta wamerudishwa tena kinamasini kutafuta pete. Hakuna aliyekumbuka kuwa na pete.

Tusekile alinung'unika lakini aliendelea kwenda. Kazini afisa alimwambia faili lake liko njiani. Dukani aliambiwa mlima uko karibu. Angalau dukani palikuwa na chai ya tangawizi.

Mwaka 1997 Ackson alihamishiwa shamba la chai Mufindi. Alitangaza habari hiyo kwa sauti ndogo, akikunjakunja karatasi ya jitu lake.

"Ningependa kuliona hilo joka kabla sijaondoka," alisema. "Kama siwasumbui."

Andongwisye akajibu kwamba joka halikimbizwi, na kwamba mbele kuna msitu. Tusekile alimtazama Ackson, mtu ambaye kwa miaka minane hajawahi kuomba hata sukari ya ziada, akaona sasa imetosha.

Jumatano baada ya vipindi alikwenda Kinyala. Andongwisye alikuwa shambani. Mkewe, Esnath, alimkaribisha, akamwekea kiti barazani, na aliposikia jambo lililomleta akaingia ndani, akatoka na boksi.

"Lisome mwenyewe," alisema. "Mimi nimechoka kuishi na hilo joka."

Tusekile alifungua kijitabu. Kilikuwa chembamba kama daftari la mtoto mvivu. Sheria za daraja la kwanza zilikuwamo, na la pili, na la tatu. Ukurasa wa mwisho uliwapongeza wasomaji kwa kufika daraja la tatu na kuwashauri, kwa madaraja yanayofuata, wanunue kitabu cha pili.

Andongwisye alitokea migombani na panga mkononi, akaona kilichoko mapajani mwa mwalimu, akakaa chini kwenye ngazi.

"Cha pili mzungu hakuniachia," alisema. "Niliandika barua mbili. Hakujibu."

"Kaka, unataka kuniambia tumezunguka kinamasi miaka sita kwa sababu ya kurasa?"

"Mkipanda daraja la nne sina la kuwaambia. Mtaniuliza Nyasungu ana nguvu kiasi gani, nitajibu nini?" Alipangusa panga kwenye jani. "Halafu ofisi ikanirudisha nyumbani. Nikaona mkilifikia joka, mtaliua, mtaaga, na Jumamosi nitabaki hapa naangalia mvua."

Kwa mvua ya Rungwe, hiyo haikuwa hofu ya kitoto. Tusekile alikuwa amekuja na maneno makali aliyoyapanga njia nzima. Sasa hakujua ayapeleke wapi.

"Nafundisha watoto tisini kwa kitabu kimoja cha jiografia," alisema mwishowe, "na hicho kimeng'oka kurasa za Afrika. Afrika naichora mwenyewe ubaoni. Ningesubiri kitabu, wangemaliza shule wakidhani tunaishi Ulaya. Niletee kalamu."

Walikaa barazani mpaka Esnath akawapa ndizi za kuchemsha. Tusekile alichora mistari kwenye daftari la maandalio, daraja la nne mpaka la kumi, nguvu za upinde, nguvu za shoka. Andongwisye alipinga kila tarakimu kwamba ni kubwa mno, na kila alipopinga Tusekile aliiongeza.

Jumamosi tatu zikatosha. Wasafiri walipanda madaraja kwa kasi ya ndugu wa waziri. Jumamosi ya nne walifika kileleni, na joka lililosubiriwa miaka minane likadumu dakika ishirini. Nyasungu alikosa shabaha mara tatu. Aliyeliua ni jitu la Ackson, kwa dadu ya ishirini kamili, na Ackson akaliomba joka radhi kabla ya kuinamisha uso kwenye kitambaa cha Bushiri. Wakamwacha alie. Bushiri alichemsha chai nyingine.

Ackson alipokwenda zake Mufindi, nafasi yake ilichukuliwa na Andongwisye, na msimulizi akawa Tusekile. Siku ya kwanza alitangaza kwamba safari hii ina Jumamosi kumi na mbili, basi. Jumamosi ya pili Andongwisye aliuliza kwa nini hajapandishwa daraja bado. Ya kumi aliomba safari iongezwe kidogo, hata kama ni kwa kinamasi kifupi tu.

"Hapana, kaka," alisema Tusekile.

Ikaisha ya kumi na mbili. Andongwisye aliondoka kwenda Kinyala bila kuaga, mwavuli ameusahau. Jumamosi iliyofuata, Bushiri alipofungua duka, alimkuta mlangoni amelowa, akiuliza kama mwalimu ameshaamua safari mpya inaanzia wapi.