Feni katika Banda la Pareto

Muziki wa kipupwe huja Uyole Jumamosi ya kwanza ya Juni na kuondoka Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Paa la kiwanda cha zamani cha pareto linavuja, na nyaya za spika hazipatani na mvua. Vijana wa mjini hungoja kiangazi na baridi yake, kisha hucheza humo mpaka mabati yatoke jasho.

Ninakaa nyuma ya kiwanda hicho, katika nyumba tuliyopewa marehemu mume wangu alipokuwa fundi wa feni kubwa ya kukaushia maua. Kiwanda kilipofungwa, mwenye jengo alimwachia ufunguo. Mume wangu alipofariki, Jumanne ya pili ya Machi mwaka juzi, ufunguo ulibaki kwangu, nami huwaazima vijana msimu wa muziki. Nilijifunza kusoma nikiwa mama wa watoto watatu. Tangu hapo husoma kalenda, na siachi siku ipite bila kuitaja kwa jina lake.

Unga wa pareto huua wadudu. Yeye aliurudisha nyumbani ndani ya mashati, na katika ndoa yetu yote hatukumjua kiroboto wala kunguni. Majirani walinitania, "Mwenzetu umeolewa na dawa." Wiki ya tatu baada ya mazishi, viroboto walianza kuniuma.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuwa na maelezo. Wao ni Wanyakyusa. Kwao marehemu husindikizwa kwa ngoma, miguu ikitimua vumbi uani. Mimi ni Mhehe niliyelelewa karibu na misheni ya Tosamaganga, na nilitaka nyimbo za kanisani peke yake. Nilipata nilichotaka.

"Wifi, ndugu yangu umemzika kama mtu aliyejilaza mchana," aliniambia. "Hajaondoka."

"Amekwenda kwa Mungu."

"Kwa miguu gani? Nani alimchezea?"

Jumamosi ya pili ya Juni mwaka huu alikuja tena na maneno yaleyale. Nilikuwa nimekwisha kuamua kuwanyang'anya vijana ufunguo, kwa kuwa Jumamosi iliyotangulia vikombe vyangu vilicheza kabatini kwa kishindo cha spika zao. Alasiri, ukungu ukiwa umeshuka hadi madirishani, nilikwenda kwenye banda la kiwanda. Wifi alinifuata.

Vijana walikuwa wakijaribu spika.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba. Zimeni. Nimefuata ufunguo wangu."

"Jamani, bibi! Baridi hii bila mziki si tutaganda kama supu ya juzi?"

"Jifunikeni blanketi."

Wifi alicheka. Binti mmoja akasihi, "Wimbo mmoja tu, bibi, halafu uuchukue," akabonyeza kabla sijajibu.

Besi haikupitia masikioni; ilipanda kwa nyayo. Mabati yakatetemeka. Ndipo feni ikaanza kuzunguka. Mota yake iling'olewa zamani ikauzwa, na milango yote ilikuwa imefungwa. Ilizunguka robo, ikasita, kisha ikaendelea. Kule kusita nilikufahamu. Mume wangu alikuwa akisema feni ile haiamrishwi, huombwa. Kutoka kwenye kenchi, mbao zilizoshika paa, ukaanguka unga mkavu wenye harufu ya mashati yake.

Vijana hawakutazama juu. Wifi alitazama. Akakaza kitenge kiunoni, akaingia katikati, akacheza ngoma ya msiba ya kwao, mgongo umeinama, nyayo zikipiga sakafu sawia na spika.

"Bibi kaua!" wakapiga kelele, wakajipanga nyuma yake wakiiga hatua, wasijue wanamsindikiza nani.

Mimi sikucheza, mtu asinisingizie. Nilisimama chini ya feni mpaka kitenge changu kikabadilika rangi, wala sikukipangusa. Wimbo ulipokwisha, feni ilizunguka mara moja zaidi, ikatulia.

"Ufunguo wako, bibi," binti akasema, akihema.

"Kaeni nao mpaka Agosti. Na msifagie."

Usiku ule viroboto hawakuniuma, na hadi leo hawajarudi. Jumamosi zilizofuata spika zilipigwa kwa nguvu ileile, nami kila mara nilikwenda kusimama mlangoni, nikaitazama feni. Haikuzunguka tena.