Damu ya Kitanda cha Sita

Pale maabara ya hospitali walimwita Hakika, na jina hilo alilipata kihalali. Miaka kumi na tisa alikuwa akipima damu za watu, na kila alipoulizwa kama majibu ni sawa alijibu "nina hakika" kabla muulizaji hajafunga mdomo. Mume wake alimtania kwamba hata usingizini hukoroma kwa uhakika.

Aliyemharibia raha hiyo ni wifi yake, dada mkubwa wa mume, mwalimu mstaafu ambaye macho yake yalikuwa yamepungua nuru. Kila Ijumaa jioni Hakika alikwenda kumsomea kitabu kimoja chembamba cha falsafa, maandishi ya zamani mno: mzee mmoja anamhoji mtu anayejiona mjuzi, swali baada ya swali, hadi mjuzi anabaki hana pa kushika. Kurasa sitini tu, lakini walikaa nazo miezi minne, maana wifi alikuwa akimkatiza kila aya.

"Hapo umesoma kwamba mjuzi anakubali. Na wewe? Unajua, au umezoea?"

"Wifi, mimi nasoma tu. Tumalize, nikapike."

"Kupika kutangoja. Unajua, au umezoea?"

Hakika alirudi nyumbani akiwa amenuna. Alimwambia mumewe kwamba dada yake anatafuta mtu wa kugombana naye, na kwamba yule mzee wa kitabuni angefanya kazi maabara angefukuzwa siku ya pili, kwa kuchelewesha majibu.

Jumanne moja asubuhi alipanda wodi ya wazazi kuchukua damu ya kupima kundi kwa kina mama wawili, wa kitanda cha sita na cha tisa. Kanuni inasema chupa iandikwe jina palepale kitandani. Lakini mkuu wa maabara alikuwa amempigia simu, mashine imekwama, ashuke haraka. Akatia chupa zote mbili katika mfuko wa koti, akashuka, akaikwamua mashine, ndipo akaziandika majina mezani, akapima kundi la kila mmoja na kuwaandalia mifuko ya damu.

Saa nne nesi alikuja kuchukua mfuko wa damu. Mama wa kitanda cha sita alikuwa anaingizwa chumba cha upasuaji.

"Hii ni ya kitanda cha sita? Una hakika?"

"Nina hakika."

Nesi akaondoka mbiombio. Hakika akabaki na kalamu mkononi. Jibu lilikuwa limetoka lenyewe, kama kikohozi. Akajaribu kukumbuka: chupa ipi aliitoa mfukoni kwanza? Akajiona akikwamua mashine, akamwona mkuu akilalamika, lakini mkono wake ukiingia mfukoni hakuuona. Unajua, au umezoea?

Akapiga simu chumba cha upasuaji. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Kuna nini?" mkuu wa maabara akauliza.

"Zile chupa mbili niliziandikia hapa mezani. Huenda nimezichanganya."

"Huenda? Miaka yote hii hujakosea. Ukienda kule kusema huenda, umetuvua nguo sote."

Hakika alikuwa ameshafika mlangoni. Lifti ilikuwa juu, akashika ngazi, ghorofa tatu, viatu vya kazi vikimpwaya. Alipousukuma mlango wa chumba cha upasuaji, mfuko ulikuwa umeshatundikwa, na daktari wa usingizi ameshika mrija.

"Msiianzishe hiyo damu."

Daktari wa upasuaji hakuinua kichwa. "Ina kosa gani?"

"Sijui kama ina kosa, daktari. Ndiyo maana nimekuja. Nilisema nina hakika, na sina."

Daktari wa usingizi akauachia mrija. Mashine iliendelea kuhesabu mapigo ya moyo.

"Anavuja damu," daktari wa upasuaji akasema. "Una dakika chache, si zaidi."

Hakika akachukua damu upya, akasoma kwa sauti utepe wa jina mkononi mwa mgonjwa, nesi akarudia, kisha yeye akaandika jina palepale. Akashuka kwa kukimbia. Alipoweka matone kwenye kigae cha kupimia, mkuu akamshikia taa. Wote wawili waliinama, wakatazama. Mama wa kitanda cha sita alikuwa kundi O. Mfuko uliotundikwa juu ulikuwa wa kundi A, damu ambayo ingeweza kumuua.

Hakika akatoa mfuko wa O kwenye jokofu. Mkuu mwenyewe ndiye aliyeupandisha, akikimbia na kitambi chake.

Mama akapona, na mtoto akalia. Wa kitanda cha tisa naye alipimwa upya kabla hajaongezewa hata tone. Alasiri mkuu alileta fomu ya taarifa. "Tuandike chupa iliharibika. Imekwisha salama, mama. Ya nini kujichimbia kaburi?"

Hakika alifikiri kuhusu watoto wake, akafikiri kuhusu jina lake. Kisha akaandika alichofanya, kuanzia mfuko wa koti. Uongozi wa hospitali ukamwondoa kwenye upimaji miezi mitatu, ukamweka dirisha la mapokezi kuelekeza watu. Wenzake walipita wakiangalia sakafu. Ijumaa alimweleza wifi yote, akitarajia sifa kidogo. Wifi akamshika mkono, akamwambia naye aliwahi kumfukuzisha shule mwanafunzi asiye na kosa, kwa kuwa alikuwa na hakika, na hakurudi kusema kwamba alikosea.

Wiki ya tano, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alifika dirishani kuuliza kliniki ya watoto iko wapi. Hakika akamtambua: ni yule wa kitanda cha sita. Angeweza kunyoosha kidole tu. Akatoka nje ya dirisha, akasimama mbele yake, akamweleza habari ya ule mfuko wa damu.

Yule mama alimtazama muda mrefu.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyekosea, au ndiye uliyezuia?"

"Wote wawili ni mimi."

Mama akaivuta kanga vizuri, mtoto akajikunyata. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. "Haya, nionyeshe hiyo kliniki," akasema, na wakaifuata korido ndefu wakiwa sambamba.