Hema, Bembea na Makopo ya Mama

Mwaka ambao magoti ya mama yalikataa ngazi ya dungu, mimi na mdogo wangu wa kiume tulianza kubishana alale wapi. Mama mwenyewe hakuwa amemwuliza mtu. Alikuwa na shamba lake la mpunga bondeni, upande wa Ngorongo, na katikati ya shamba dungu lake, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo watu wa kwetu huhamia mpunga ukianza kutoa masuke na kukaa hadi mavuno. Mchana unaamia ndege, usiku unafukuza nguruwe pori. Shamba likikosa mtu wa kulala humo, unakwenda na mundu unakuta mabua matupu. Mama hakuwahi kukuta mabua matupu tangu baba yetu afariki.

Sasa ngazi ilikuwa imemshinda. Alipanda kwa kujivuta, na kushuka alishuka kinyumenyume, bismillahi kwa kila kipandio. Siku moja alinipigia simu akaniambia, kama anayesimulia habari za mtu mwingine, kwamba ameshinda juu kutwa nzima kwa kuogopa kushuka, na maji ya kunywa yamemwishia. Nilikuwa kwenye cherehani, suruali za shule zimejaa mezani hadi sioni mlango. Nilizima taa ya mashine nikakaa tu. Nilichoka hata kabla sijajua nitafanya nini.

Nilichokitaka nakisema wazi: nilitaka aje Kibiti akae kwangu. Nilikuwa nimechoshwa na ile safari ya basi, halafu bodaboda kwenye vumbi au tope, mikononi unga, chumvi na dawa ya kuchua, halafu kesho yake kurudi kushona mpaka macho yanatoa machozi. Nilimwambia hivyo hivyo.

"Miye nije Kibiti nifanye nini?" akasema. "Nikae barazani niangalie mabasi?"

Basi, kama haji, na ngazi hapandi, ilibidi alale chini ya dungu badala ya juu yake. Swali likabaki alalie nini.

Mdogo wangu ni dereva wa watalii huko hifadhini, na kwake jibu lilikuwa hema. Alikuwa nalo moja la kijani, kuukuu, limekwisha kazi yake kambini. Mimi jibu langu nililiokota kwenye mitumba sokoni Kibiti: bembea ya kulalia, kitambaa kirefu kigumu chenye kamba ncha mbili, unafunga kwenye miti miwili, mtu analala katikati akining'inia. Muuzaji hakujua ni kitu gani. Alikuwa ameitandika chini akapangia viatu juu yake.

"Dada, acha utani," mdogo wangu aliniambia kwenye simu. "Hiyo ni ya kujinyoosha baada ya kula wali. Hema lina sakafu, lina mlango, lina zipu. Nyoka haingii, siafu haingii. Wazungu wanatoka kwao wanakuja kulala humo, na wanafurahi kinoma."

Hoja hiyo nilimfikishia mama. "Wazungu wake wana askari na bunduki anawazunguka," akajibu. "Miye ananizunguka nani?"

Tulianza na hema kwa sababu mdogo wangu ndiye aliyewahi kufika. Alilisimamisha chini ya dungu, pakavu, akapigilia vigingi, akamfundisha mama kufunga na kufungua zipu, akaondoka mbio kuwahi wageni wake. Mimi nikabaki kulala naye humo.

Siwezi kulisingizia hema. Mbu hawakuingia. Siafu walipita nje wakaenda zao. Lakini joto lake! Bonde likiwa limemwagiwa maji, hewa yenyewe ni nzito, na ndani ya lile hema pumzi zetu zilipanda juu zikatuama kwenye kitambaa, kisha zikaanza kutudondokea usoni. Ardhi niliyoiona laini mchana ilinitafuta mbavu moja baada ya nyingine. Na tukiwa tumejifungia mle, mama alisema hasikii shamba lake. Sauti zote zilifika zimefifia, hujui kilicho karibu wala kilicho mbali. Nguruwe alipokuja mama alipapasa zipu, ikauma kitambaa, akaivuta huku akimtaja mdogo wangu kwa majina nisiyoweza kuyaandika. Tulipotoka, mpunga wa pembeni ulikuwa umekwisha kukanyagwa.

Ila kilichoniondolea hamu ya hema kilikuwa asubuhi. Mtu mwenye magoti kama yale, kuinuka kutoka chini ni kazi kuliko hiyo ngazi. Ilimbidi ageuke kifudifudi, apige magoti hayo hayo yanayomuuma, kisha atambae mpaka mlangoni. Nilimwona mama yangu akitoka hemani kwa mikono na magoti, khanga imemvuka, nikageukia upande wa mto ili asijue kwamba nimemwona. Moyo uliniuma sana.

Safari iliyofuata nilikuja na bembea. Nguzo za dungu la mama zilikuwa imara, kwa hiyo nikachagua mbili zilizotulia kuliko zote nikafunga bembea kati yake, kimo cha kiti. Sakafu ya dungu ikawa paa lake. Juu nikatundika chandarua. Mama aliizunguka, akaivuta, akaikalia kama benchi, akaingiza mguu mmoja, halafu wa pili. Kuamka ndiko kulikonifurahisha: miguu chini, mkono kwenye nguzo, kasimama. Hakuna kutambaa.

Nayo ina taabu zake. Mgongo unapinda, na kugeuka upande kunataka mipango. Alfajiri baridi inakuja kwa chini, blanketi lako liko juu halikusaidii kitu, ikabidi tutandike ndani khanga mbili na gunia. Nilipomwuliza inakuwaje, alisema, "Kama mtoto mgongoni." Sikujua anasifu au analaumu. Mimi nilipanda kulala juu dunguni, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Hapo ndipo nilipogundua nilichokifanya. Kutoka kwenye dungu huwa zinatoka kamba hadi pembe za shamba, na kila kamba imefungiwa makopo yenye kokoto ndani. Mlinzi akivuta kamba, makopo yanalia, mnyama anakimbia. Na bonde lina utaratibu wake: makopo ya dungu moja yakilia, dungu la jirani linajibu, na la mbele yake linajibu, mpaka kule usikoweza tena kusikia. Nguruwe akifukuzwa kwako anakwenda kwa mwenzio, kwa hiyo anayejibu anakwambia kwamba amesikia na yuko macho. Kamba za mama zilifungwa kwenye nguzo imara kuliko zote. Nguzo hizo ndizo nilizofungia bembea, tena kwa kupitisha kamba zangu juu ya zake.

Mama akageuka upande, makopo yakalia. Jirani akajibu. Wa pili akajibu. Mahali fulani mtu akapiga debe, mwingine akapaza sauti, "Huyo! Huyo anakuja huko!" Hapakuwa na nguruwe. Bonde likatulia. Mama akakohoa, likaanza upya.

Kulipokucha jirani wa dungu la pili alikuja na macho mekundu, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. "Bibi we," akasema, "nguruwe wako wa jana walikuwa wangapi? Au walikuwa na harusi?"

Mama alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi sikucheka, nilikuwa sijalala hata kidogo na nilitakiwa kuwa kwenye mashine kesho yake. Nikaanza kufungua kamba. Mama akanishika mkono.

"Ziache hivyo hivyo. Nikilala yalie, nikiamka yalie. Nguruwe watajua huyu bibi hana usingizi."

Jirani aliguna, lakini hakukataa. Siku si nyingi bonde likazoea: mlio mfupi ni bibi anageuka, mlio mrefu ni nguruwe. Mlio mfupi haukuhitaji kujibiwa, ila waliujibu nao, kwa kopo moja, wakarudi kulala. Mama alivuna. Hema la mdogo wangu likatumika kufunikia mpunga mvua ilipotuwahi, na hiyo ndiyo kazi iliyolifaa.

Ningependa niishie hapo. Lakini magoti hayarudi nyuma, na mwaka huu mama hakuweza hata kutembea kutoka kijijini hadi shambani. Alisema mwenyewe, bila kushawishiwa, "Njoo unichukue." Shamba akamwachia yule jirani mwenye sauti. Nilipata nilichokuwa nakitaka muda wote, na sikufurahi hata kidogo.

Alikuja na bembea yake ndani ya ndoo. Kitanda nilichomwandalia alikitazama akakiwekea nguo. Tukafunga bembea baraza ya uani, ncha moja kwenye nguzo, nyingine kwenye nondo za dirisha la chumba changu, na chandarua juu. Siku ya pili nilikuta kwenye kamba limening'inia kopo la rangi, kokoto ndani.

Nilivumilia kwa muda. Kila akigeuka, kopo linalia sentimita chache kutoka kichwani pangu, mbwa wa jirani anabweka, mimi naikodolea macho dari. Mchana nilishona mikono ya mashati kinyume. Mpangaji wa chumba cha mbele akaniuliza kwa adabu kama tunafuga kitu.

"Mama," nikamwambia jioni moja, tunakula, "hapa hakuna nguruwe."

"Najua."

"Sasa hilo kopo la nini?"

Alimega ugali, akaurudisha sahanini. "Kule nikigeuka tu, watu wanajua nipo. Hapa naligonga, naligonga, hakuna anayejibu. Mji mzima huu, mwanangu."

Nikatoa vyombo.

Kabla ya adhana ya alfajiri kopo likalia. Nikajifunika uso. Likalia tena, mlio mfupi, likasubiri. Nililala pale nikijisikia mzito kama gunia lililoloa, nikihesabu nguo zinazonisubiri, nikamwonea huruma mama na mimi mwenyewe kwa pamoja. Juu ya kigoda kando ya kitanda kulikuwa na kikombe cha bati na kijiko ninachopimia dawa yake. Nikanyoosha mkono, nikakigonga kikombe mara moja.

Nje kukawa kimya kabisa. Hata kamba za bembea zikaacha kulia. Kisha nikamsikia mama akicheka peke yake gizani, taratibu, na kopo likaanza kulia mlio mrefu, ule wa nguruwe, hauachi. Nilikuwa nimechoka sana. Nikachukua kikombe changu, nikafungua mlango wa uani, nikaenda.