Anayekaa Nyuma ya Mtumbwi

Watu wa Ruangwa walipotaka kumsema Mwanne, walianza na miguu yake. Mwanamke gani huyo, walisema, nyayo pana kama kafi, anasimama ndani ya mtumbwi kama mwanamume, khanga ameikaza kiunoni, pondo la kusukumia mtumbwi mkononi. Mwanne aliyasikia yote, maana maneno ya sokoni hufika mtoni kabla ya watu. Aliendelea kuvusha watu mto Mbwemkuru, na wale wale waliomsema walipofika kivukoni walivua viatu, wakapanda kimya, wakashika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili.

Yunusi, mumewe, aliondoka mashamba ya karanga ya Waingereza yalipoanza Nachingwea, akaenda kung'oa visiki. Kilichorudi ni talaka, tena imeletwa kwa mdomo na mtu aliyekuwa akipita tu kwenda Ruponda. Mwanne alimsikiliza mjumbe, akampa maji ya kunywa, akafunga mzigo wake. Kwa baba yake kivukoni hakuulizwa kitu. Mzee Chitanda alimtazama, akamtazama tena, kisha akampa pondo.

Mtumbwi wa mzee ulikuwa wa mti wa mkongo, mrefu, mweusi kwa umri. Kiangazi walikuwa wakiujaza matope na kuuzamisha kwenye dimbwi ili jua lisiupasue; masika wakiufukua kama mtu anayefukua muhogo, wakausugua kwa mchanga. Mzee alimfundisha binti yake kusoma maji: mahali yanapokunjamana, chini pana gogo, mahali yanapolala kimya mno, pana kiboko. Akashuka naye mara nyingi hadi karibu na bahari kupeleka nta. Siku ya kwanza aliyomwachia nafasi ya nyuma, mahali pa mwenye kuamua, Mwanne alihisi kwamba tangu azaliwe alikuwa amebebwa, na sasa yeye ndiye anayebeba.

Kisha mzee akafa.

Kwa Wamwera, mrithi wa mtu ni mpwa wake, mtoto wa dada yake. Na mrithi hapokei vitu peke yake, hupokea na jina. Siku ya kumaliza matanga huwekewa bakuli la unga wa mtama, akajipaka usoni, akalitaja jina la marehemu kuwa lake. Tangu hapo watoto wa marehemu humwita baba, na mjane humwita mume, ana haki ya kumtazamia amwezekee paa na amlimie shamba. Mpwa wa mzee Chitanda alikuwa Saburi, mkulima wa ufuta wa Matambarale, binamu yake Mwanne na mtani wake tangu utotoni. Siku hiyo Saburi aliliangalia bakuli. Akamtazama Fatu, mjane, mama yake Mwanne, na nyumba yake iliyoinama upande mmoja. Akashika tumbo, akasema linamkata. Akazunguka nyuma ya nyumba, na waliomwona tena walimwona Nachingwea, naye anang'oa visiki. Unga uliliwa na kuku.

Basi mtumbwi ukabaki kwa Mwanne. Hakuna aliyempa, hakuna aliyemnyang'anya. Miaka ikapita hivyo, na Fatu akalima peke yake.

Masika moja, mvua zilipoanza kupungua, akafika kivukoni mtu aliyevaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi. Jina lake Eustakio, mtu wa misheni, msimamizi wa bwana mmoja mpima mito aliyekuwa amepanga Nachingwea. Bwana wake alitaka kushuka Mbwemkuru kwa mtumbwi, siku nyingi, wakilala njiani kwenye mahema.

"Nimeambiwa hapa yupo mtu anayeujua mto," alisema Eustakio.

"Ndiye unayeongea naye."

Eustakio akacheka kidogo. "Dada, mpishi ninaye. Natafuta nahodha."

"Basi mpishi wako mwambie apunguze sufuria, kwa sababu nahodha umempata na mtumbwi wake ni mwembamba." Mwanne hakucheka. "Mtumbwi huu hauazimwi. Ukienda, nakaa nyuma mimi. Bwana wako asipotaka, apite kwa miguu, nyasi ziko tele."

Bwana alitaka. Habari zikaenda sokoni, na sokoni zikanenepa. Mwanne alijua zinamaanisha nini. Kama angeteremshwa kutoka nyuma ya mtumbwi mbele ya macho yote hayo, asingelishika pondo tena maisha yake. Angerudi kuwa mwanamke aliyeachwa, anayekaa kwa mama yake na kungoja kusemewa.

Akaanza matayarisho. Alipitisha kidole ubavuni mwa mtumbwi, akaziba nyufa kwa nta iliyochanganywa na majivu. Akakata mapondo mawili mapya, akayakausha kivulini. Akasuka kamba za magome. Akatwanga mtama, akaanika makopa ya muhogo, akafunga chumvi kwenye majani na kuyatundika juu ya moto. Mizigo ya bwana ilipoletwa na lori hadi njia ilipokatika, na kutoka hapo kwa vichwa vya watu, Mwanne aliipanga ufukoni na kuizunguka kama mnunuzi wa mbuzi.

"Hiki nini?"

"Bafu," alisema Eustakio. "La turubai. Linakunjwa."

"La kuogea nini?"

"Mwili, dada."

"Anakwenda mtoni na bafu?"

"Bwana hawezi kuoga na mamba."

"Hapo ana akili. Lakini ataoga kwa kata, kama sisi. Hilo linabaki."

"Nitamwambiaje?"

"Mwambie nahodha amekataa. Na vile vitanda, kimoja. Wewe utalala kwenye mchanga, mifupa yako inyooke."

Seleman, jirani aliyekubali kushika pondo la mbele, alicheka mpaka akakaa chini. Eustakio alinung'unika kwa Kilatini cha misheni, kisha akalibeba bafu mwenyewe hadi kwa Fatu, ambaye alilitazama na kusema litafaa kulowekea muhogo.

Mwanne akawaeleza watakavyolala: si kwenye kingo zenye nyasi laini, maana hayo ni mapito ya viboko, bali kwenye visiwa vya mchanga, moto upande wa juu na mtumbwi upande wa chini, umefungwa. Aliposema hayo aliyaona maeneo yenyewe, kona baada ya kona.

Asubuhi ya kuondoka watu walijaa kivukoni. Mizigo ilikuwa imefungwa, bwana ameketi katikati na kofia yake, Seleman yuko mbele. Fatu alikuwa ameleta bakuli la unga kuwaombea wasafiri kwa wazee waliotangulia. Hapo ndipo Saburi alipotokea, koti amevaa, wazee wawili wa ukoo wako nyuma yake.

"Mtumbwi huu ni wa mjomba wangu," alisema. "Mjomba hana mrithi mwingine. Shuka, Mwanne. Nitawapeleka mimi."

"Utawapeleka wapi, binamu, nawe hata kwenye dimbwi unaogea ukingoni?"

Watu wakacheka. Saburi hakucheka. "Sokoni wananiuliza kama mimi ni mwanamume. Leo si siku ya utani."

Wazee wawili walitikisa vichwa kukubali. Mmoja alisema taratibu kwamba kwa mila, kijana anasema kweli. Eustakio akamtazama Mwanne kwa wasiwasi. Mwanne akashuka mtumbwini, na minong'ono ikapanda: kashuka, kashuka. Akalichukua bakuli mikononi mwa mama yake, akalipeleka mbele ya Saburi.

"Ni kweli," alisema. "Ni wako. Lakini mtumbwi hautembei bila jina. Jipake."

Saburi akaliangalia bakuli.

"Tumbo limekuuma tena, binamu?"

Kicheko kilichopasuka kiliwarusha ndege mitini. Hata mzee wa pili alifunika mdomo. Saburi alimtazama Fatu, akaitazama nyumba kwa mbali, bado imeinama. Kisha kiburi kikaushinda woga wake. Akachovya vidole, akajipaka usoni kwa nguvu, unga ukamwagikia kola.

"Mimi ni Chitanda!" alisema kwa sauti. "Mmesikia wote?"

"Tumesikia!"

Fatu akafunga macho, akayafungua. Alikwenda zake nyumbani kwa hatua za haraka.

"Na Chitanda anasema," Saburi aliendelea, "mwanangu Mwanne abaki nyumbani."

Mwanne akapiga magoti mchangani. Utani wao wa miaka yote ulikuwa umekwisha, kwa kuwa baba hataniwi, na alihisi uchungu kidogo, maana alikuwa mtani mzuri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Mtumbwi ni wako, nimekubali mbele ya watu. Nitakurudishia ukiwa mzima. Lakini bwana huyu hakukodi mti, amenichukua mimi nimwongoze." Akasimama, akajipangusa magoti. "Kama unaona ni vema uandamane na mali yako, karibu, baba. Keti mbele, Seleman akuachie pondo."

Saburi akayatazama maji. Yalikuwa mekundu, mapana, yanakwenda kasi na matawi mazima. Mguu wake mmoja ulisogea mbele, ukarudi. Nyuma yake Fatu alikuwa amerudi kutoka nyumbani, naye alimwekea jembe mkononi, polepole, kama mtu anayempa mgeni maji ya kunawa.

"Shamba la mtama lina majani," alisema Fatu. "Karibu nyumbani, mume wangu."

Mwanne hakungoja zaidi. Alipanda nyuma, akaupa mchanga kisogo.

"Mwanne! Nasema shuka! Mimi ni baba yako!"

"Nimesikia, baba," alijibu bila kugeuka, akalikita pondo chini kwa uzito wake wote, na mtumbwi ukaingia katikati ya mto.