Augustino Nandonde na Beki Aliyemwacha

Augustino Nandonde alipanda cheo mwaka 1981, na waliomjua pale Kariakoo wanasema huo ndio mwaka alioanza kunyamaza.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kelele. Alikuja Dar es Salaam kutoka Ndanda angali kijana, akabeba magunia bandarini, akachezea timu ya Radi ya Gerezani beki ya kushoto hadi goti likamharibikia, kisha akageuka kocha. Timu ilifanya mazoezi Jangwani, na alipogomba, wapita njia wa barabarani walisimama kusikiliza.

"Unakimbilia wapi? Mpira utakuja wenyewe! Tulia!"

Wachezaji walimwogopa na kumpenda. Aliwajua mama zao. Mchezaji akikosa mazoezi, Augustino alipita nyumbani kwao jioni, akaketi barazani, akaulizia afya ya kila mtu kabla hajaulizia habari za mpira. Wengi wao aliwapata mwenyewe mitaani. Mmoja wao, Kitwana, alimpata sokoni akisukuma mkokoteni wa nazi. Siku hiyo wapagazi watatu walitaka kumwondoa njiani kwa nguvu ili wapitishe mizigo yao. Kitwana, mwembamba kama fito, hakurudi nyuma hata hatua. Hakupiga mtu wala hakutukana. Alikaa tu pale mpaka wenyewe wakazunguka. Augustino alimfuata hadi kwa dada yake, Mtaa wa Swahili, akamwambia, "Huyu ndugu yako nampa jezi."

Dada mtu aliitwa Somoe. Ndiye aliyemlea Kitwana tangu wazazi wao walipofariki huko Lindi. Alimtazama Augustino juu mpaka chini, akasema, "Mpe, lakini akivunjika utanijibu wewe, Baba Hyasinta," akimwita kwa jina la bintiye kama walivyomwita watu wa mtaani.

Kitwana hakuvunjika. Alikaa katikati ya ngome ya Radi miaka kumi na zaidi, na timu ilipochukua ubingwa wa mkoa yeye ndiye aliyekuwa nahodha. Siku hiyo Augustino alilia mbele za watu, na hakuona haya.

Kisha mwenyekiti wa klabu, Bwana Nassibu, akarudi kutoka safari ya nje ya nchi na wazo jipya. Huko alikokwenda, alisema, klabu zina mtu anayekaa juu ya kocha. Havai bukta wala hapigi filimbi. Kazi yake ni kuamua nani aingie na nani atoke. Akamtaka Augustino awe mtu huyo, aitwe mkurugenzi wa ufundi. Wakampa chumba ghorofani katika jengo la klabu, Mtaa wa Sikukuu, chenye meza na dirisha linalotazama paa za mabati. Mkewe alimshonea suti ya Kaunda ya rangi ya kijivu. Siku ya kwanza aliyoivaa, wachezaji walimwamkia kwa adabu mpya, na tangu hapo hakuna aliyemtania tena.

Lakini kazi yenyewe haikuwa ya mpira. Zama hizo mchezaji hakulipwa na klabu. Klabu ilimtafutia kazi katika shirika la umma, akaandikwa tarishi au mlinzi wa ghala, na asubuhi akatokea kazini kidogo kabla ya kwenda mazoezini. Nafasi hizo zilikuwa chache. Aliyeachwa na timu aliipoteza na kazi, maana kiti chake kilingojewa na mwingine. Augustino ndiye aliyekwenda kuongea na mameneja wa viwanda, na ndiye aliyewaambia wachezaji kwamba imekwisha.

Mwanzoni mwa mwaka 1983 kocha mpya alimtaka beki mmoja kijana wa Tanga aitwaye Safari. Kijana alikuwa tayari kuja, ila alitaka kazi kwanza. Nafasi iliyoweza kupatikana ilikuwa moja, katika kiwanda cha rangi huko Chang'ombe, na aliyeikalia alikuwa Kitwana.

"Kitwana ana miaka thelathini na moja," Augustino alimwambia mwenyekiti. "Bado anafaa."

"Anafaa kwa nani? Mechi ya juzi amepitwa kama mti wa barabarani."

"Mwenyekiti, yule nimemlea."

"Ulimlea ukiwa kocha," alisema Bwana Nassibu, bila ukali wowote. "Sasa wewe si kocha."

Augustino hakubishana. Alimwita Kitwana ofisini, akamweleza. Alijiandaa kwa matusi, na ingekuwa afadhali angeyapata. Kitwana alisikiliza mikono ikiwa mapajani, kisha akauliza, "Na mimi nitafanya nini?"

"Utafundisha watoto wa klabu. Niachie mimi. Nitakuandalia."

Alimaanisha aliposema hivyo. Lakini kila wiki ilikuja na jambo lake. Mara basi la timu lilikosa mafuta, mara viatu havikupatikana nchi nzima, mara meneja fulani alitaka kubembelezwa. Suala la timu ya watoto likabaki kichwani mwake kama deni ambalo mtu hulikumbuka akiwa kitandani na kulisahau akishavaa viatu. Kitwana akarudi sokoni, safari hii bila mkokoteni, akishika vibarua alivyovikuta.

Mwaka huohuo serikali ikatangaza Nguvu Kazi. Kila mtu mwenye uwezo afanye kazi, na asiye na kazi mjini apelekwe shambani. Kamatakamata ikaanza. Mgambo walisimama kwenye njia panda wakitaka vitambulisho, na Kariakoo ikajaa watu wanaotembea wakichungulia kona kabla ya kukata.

Kitwana alipanda ngazi za klabu siku ya Ijumaa.

"Shikamoo, kocha." Yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado anamwita hivyo.

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Nimekuja kuomba kitambulisho. Kiseme mimi nafundisha watoto. Ulisema."

"Muhuri anao mwenyekiti, naye yuko Arusha na timu. Njoo Jumatatu."

"Huko nje wanakamata, kocha."

"Najua. Basi tulia nyumbani, usitoke. Jumatatu nitakuwa hapa mapema."

Augustino angeweza kuinuka, akaenda naye kwa katibu kata, mtu waliyekuwa wakicheza bao pamoja. Neno lake lingetosha. Hakuinuka. Alikuwa na safari ya kiwandani, kumalizia mambo ya yule kijana wa Tanga. Kitwana alishukuru, akateremka.

Jumamosi sukari iliingia kwenye duka la ushirika. Somoe alikuwa na homa, na Kitwana akasema foleni ni fupi, atakwenda na kurudi. Walimkamata akiwa na mfuko mtupu mkononi.

Somoe alifika nyumbani kwa Augustino kabla ya magharibi, kajifunga khanga kichwani, anatetemeka. Hakuvuka kizingiti.

"Baba Hyasinta, wamemchukua. Ulimwambia nini ofisini?"

"Nilimwambia aje Jumatatu."

Somoe alirudia neno hilo taratibu, kama mtu anayejaribu kulielewa. Kisha akageuka akaenda zake.

Augustino alikwenda kituo cha polisi jioni ile, na asubuhi baada ya misa ya kwanza akarudi tena. Wakamwambia malori yameshaondoka kwenda kwenye mashamba ya mkonge upande wa Morogoro. Lipi hasa, hawakujua. Mwenyekiti aliporudi, Augustino aliomba gari la klabu. Bwana Nassibu alisikitika kwa dhati, akasema mafuta yaliyopo ni ya mechi. Augustino akapanda treni, na kwa majuma kadhaa akawa anakwenda na kurudi, anauliza shamba hili, anaelekezwa lile, huku ofisini kazi zikilala.

Alimkuta kwenye banda la mabati, amelazwa juu ya majani makavu. Jembe lilimkata mguu wa kulia, na kidonda kilikuwa kimeoza. Harufu ilimpokea Augustino mlangoni. Msimamizi wa shamba, mzee mchovu, alisema dawa zilikwisha, akaongeza kwamba hakujua kama huyu ni mtu wa mpira.

"Mngejua mngefanyaje?" Augustino alimuuliza.

Kitwana alifumbua macho. "Dada hajambo?"

"Hajambo. Homa ilimwachia."

"Sukari sikupata."

Augustino na vibarua wawili walimbeba hadi barabarani, wakasimamisha lori. Hospitalini Morogoro daktari alitazama mguu kwa muda mfupi tu. Waliukata chini ya goti. Augustino alikuwa ameketi kwenye benchi ya nje, akijaribu kusali rozari, na kila alipofika katikati alijikuta amesahau amefika wapi.

Aliporudi mjini aliwakuta viongozi wa Radi kikaoni. Akawaambia anaacha. Hakutoa hotuba. Bwana Nassibu alimshika mkono, akasema, "Umechoka, pumzika." Mwezi haujaisha, mtu mwingine akakalia kile chumba. Safari wa Tanga alicheza msimu mmoja, akahamia klabu nyingine.

Augustino alipata kazi ya kupokea mizigo kwenye ghala la nguo, Mchikichini. Vijana wa Jangwani walimfuata awafundishe. Akakataa, wakamfuata tena, akakataa. Kila Jumapili alipitia Mtaa wa Swahili. Mwanzoni Somoe alimwacha barazani bila hata kumkaribisha maji, naye alikaa hivyo hivyo saa nzima, kisha akaaga mlango uliofungwa. Baadaye mlango uliachwa wazi. Ndani Kitwana alikuwa anashona viatu vya watu, magongo yameegemezwa ukutani.

Walizungumza machache. Siku moja Kitwana alikata uzi kwa meno, akauliza bila kuinua macho, "Kama ungekuwa bado kocha mwaka ule, ungeniacha?"

Augustino alifikiri. Uongo ulikuwa karibu, na ungekuwa mtamu.

"Ningekuacha. Ulikuwa umekwisha. Lakini ningekuja hapa nyumbani kukwambia, na ningerudi kesho yake."

Kitwana aligeuza kiatu, akakikagua upande wa pili. Hakusema amesamehe, wala Augustino hakumuuliza. Somoe alikuwa mlangoni akipepeta mchele. Wingu lilikuwa linatanda kutoka baharini, akasema wanaume wamsaidie kuingiza majamvi kabla mvua haijashuka. Augustino akatoka kuyakunja.