Bunduki ya Misumari ya Baba

Ule mlio, jamani! Juzi mafundi waliwasha kompresa kwenye nyumba inayojengwa jirani na kwangu, nikasikia paa! paa! ya misumari ikizama mbaoni, na vikombe nilivyokuwa nasuuza nikaviacha kwenye karo, machozi yananitoka. Nyie mtasema, mtu mzima analizwa na misumari? Ngojeni niwasimulie.

Baba yangu alikuwa fundi wa vitanda na makochi kule Kimara, kibanda chake cha mabati kimeegemea ukuta wa nyumba yetu. Nilikuwa darasa la tatu alipopata kiharusi. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi, ila mkono wa kulia ulirudi nusu. Nyundo ikamkataa kabisa, akiinyanyua, inamponyoka. Ndipo akauza pikipiki akanunua bunduki ya misumari, ile inayoendeshwa na upepo wa kompresa. Unakandamiza mdomo wake wa chuma kwenye mbao, unabana kwa kidole, msumari umezama. Baba akawa fundi tena. Wapita njia wakimwita "Fundi!" anaitika kwa sauti mpaka Mama anacheka peke yake jikoni. Kibanda kikanukia mninga na gundi kama zamani, nami nikaamini mambo yamekwisha.

Halafu ikaanza kugoma. Mwanzoni mara mojamoja, Baba anaitukana kwa upole, "We shetani, hujala?" Baadaye ikawa kila siku. Anabana, kimya. Anabana tena, kimya. Na kulikuwa na kitanda cha harusi cha kumalizia, wenyewe wameshaanza kuja kuchungulia.

Baba akaifungua juu ya mkeka, kipande kwa kipande, kama Mama anavyochambua dagaa. Akapuliza vumbi. Akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa upepo aone kama unavuja, hauvuji. Fundi mwenzake akamwambia labda pete za mpira za ndani zimelika, akanunua mpya akazivisha. Akatia matone ya oili. Akaifunga, akaiegemeza mbaoni, akabana. Kimya.

Bibi mzaa baba, aliyekuwa akikaa nasi, hakuhitaji bisibisi. Yeye alishajua: husuda. "Kitu kinasifiwa na kila mpita njia, kitaachaje kupigwa jicho?" Akaleta chetezo, akaifukiza mashine ubani huku akiisomea, kwa heshima zote, kama anamfukiza bi harusi. Moshi ukamwingia Baba puani, akapiga chafya mpaka kofia ikamdondoka. Tulicheka hadi machozi. Alipobana, kimya vilevile.

Mfa maji haachi kutapatapa. Baba akawa anaifungua na kuifunga, anaifungua na kuifunga, chakula cha mchana hali, macho mekundu. Mtu akimuuliza mkono vipi, anajibu haraka, "Mkono mzima, mashine ndiyo mbovu." Mie mwenyewe nilikuwa naichukia ile mashine, wallahi, natamani niitupe chooni.

Jioni moja Mama alikuja kutuita. Akamkuta Baba ameinamia kitanda, jasho linamtiririka, bunduki inamtetemeka mikononi.

"Hebu lete na mie nijaribu, Baba Salma. Pumzika kidogo."

Akaichukua. Mama yangu, mtu wa kutwanga na kubeba ndoo, akaikandamiza mbaoni, akabana.

Paa!

Niliruka juu. "Imepona! Imepona!" Nikamkumbatia Baba kiunoni, nikashangaa mbona amekakamaa vile. Mama alikuwa ameganda na ile bunduki mkononi. Kisha akasema neno nililoliona la ajabu. "Imebahatisha tu hii. Bado mbovu. Kesho uipeleke kwa fundi."

"Piga tena," Baba akasema.

"Magharibi hiyo inaingia, mume wangu."

"Piga, nakwambia."

Akapiga. Msumari ukazama mpaka kichwa. Baba akaipokea, akaiweka palepale, akasukuma kwa mikono yote miwili mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Kimya. Akailaza juu ya mbao taratibu, akazima kompresa, akatoka nje bila kututazama.

Kile kitanda alikimalizia Mama, Baba akimwonyesha kwa kidole pa kupiga. Wenye harusi walikisifu sana. Nami, kiherehere wa watu, nilizunguka mtaa mzima kutangaza kwamba mashine yetu imepona. Baba hakuishika tena. Wapita njia waliendelea kumwita "Fundi!" naye akawa anainua tu mkono wa kushoto.

Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa, nikimlisha uji kwa kijiko, mikono yake yote miwili imelala mapajani. Mashine haikuwahi kuharibika. Ule mdomo wa chuma usipokandamizwa sawasawa haupigi, na nguvu za Baba, hata za ule mkono mzima, zilikuwa zinamwishia, siku baada ya siku. Masikini baba yangu, alikuwa anautafuta ugonjwa wake ndani ya chuma, maana chuma kina vipuri.

Na ndipo nilipoielewa dua ya Mama magharibi ile. Nilikuwa nimesimama mlangoni, yeye yuko kwenye mswala, analia, anamwomba Mungu mashine iharibike. Nilidhani mama yangu amechanganyikiwa.