Divai Isiyotiwa Asali

Msakristia wa kigango kimoja huko Kwihara, Tabora, hunawa mikono hadi viwiko kabla ya kugusa mzabibu wake, kama anavyofanya kabla ya kugusa kikombe cha misa. Ni zabibu nyeupe, aina ya Chenin Blanc, na kila kichala amekivisha kipande cha chandarua ili ndege wasikionje kabla yake. Huongea kwa sauti ya chini, hata sokoni. Zabibu hizo, anazokamua divai ya misa, ni kali, na Tabora kila mtu ana asali ya kuondoa ukali. "Mama, kijiko kimoja tu, hata Padre hatajua," Leodgar, mrina asali wa jirani, humwambia kila mavuno. "Mimi nitajua," hujibu, huku akiendelea kutoa punje mbovu kwa ukucha. Divai ya misa ni zabibu tupu. Ikitiwa utamu wowote, haifai altareni. Misimu miwili divai yake iligeuka siki, akaimwaga mwenyewe, akapogoa upya.

Mwaka huu, siku moja kabla ya sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango, Padre aliionja, akakunja uso, akaonja tena.

"Umetia nini humu?"

"Zabibu, Padre."

"Na nini?"

"Na zabibu."

Padre akatabasamu. "Basi kesho tutatumia hii."

Padre alipotoka, msakristia alifungua kabati la sakristia, akaisukuma nyuma chupa ya kununua kutoka Dodoma, na ya kwake, isiyo na nembo, akaiweka mbele.